Majiwe Munane Ndani ya Mwanzi

Omate, Walikale

Kaka yangu mukubwa Bahati,

Uko muzima? Mama, mugongo yake ilipona? Maharagi ya kilima ya juu ilitoka ao mvua iliilaza? Mimi niko muzima, tena nimenenepa. Ukiniona utaniamkia wewe kwanza.

Barua yako ilifika. Unauliza sababu gani radio yako mupya inalia siku mbili kisha inanyamaza. Radio haina kosa, kaka. Wewe njo unachanganya jiwe mupya ya radio na ya zamani, na muzee anakunywa nguvu ya kijana. Nunua yote siku moja, karatasi yake ikuwe kavu, chini isivimbe. Kama hausikilize siku nyingi, uitoe, isitokwe na maji ikakula chuma.

Hiyo yote ni akili ya Mama Sifa, mujane wa fundi wa foni ya mine yetu, ile radio ya kuongea na watu wa mbali. Unajua mimi sisifu watu. Nikimaliza kujisifu mwenyewe nguvu inabakia kidogo. Lakini huyu mama ninamusifu. Bwana yake alipokufa, njo yeye alibakia kutunza batri kubwa mbili zenye kuongelesha foni. Maji ya kuongeza ndani ni ya mvua tu, anaikinga na beseni katikati ya kiwanja, hapana ya kutoka kwa bati. Batri zenyewe mimi njo ninazibeba, sababu hapa hakuna mwenye mabega kama yangu.

Sasa sikia. Juma yenye ilipita, batri moja ilikuwa imeenda na lori kujazwa nguvu, na ya pili ilichoka. Siku ile ile Bauma, muchimbaji mwenzetu, alikuwa anangojea habari ya bibi yake. Walimupeleka hospitali ya Kirotshe apasuliwe, mutoto alikataa kutoka, na foni ya huko inaita saa sita ya muchana. Mimi nikakumbuka kwetu Nyamitaba tunalaza majiwe ya torshi kwa majivu ya moto, zinaamuka. Mama Sifa alikuwa shambani. Nikasogeza batri kwa moto. Lami yake ya juu ikayeyuka, maji yake makali ikamwangika, na suruali yangu sasa iko na madirisha.

Mama Sifa akarudi. Hakunipiga. Alisema tu: "Safari, ulifikiri ni kiazi?"

Bauma alikuwa amekwisha kufika, amevaa shati ya kanisa. Mama Sifa akaomba wachimbaji majiwe ya torshi zao. Kutoa ile ni kusema hawataingia kwa shimo siku ile. Kapita, musimamizi wetu, akanungunika, halafu akatoa zake wa kwanza. Mama akajaribu moja moja na ampuli ndogo ya torshi, aone kama inawaka. Zangu akazikataa, eti zinatoka jasho. Akachagua munane za boksi moja, akapasua mwanzi, akazipanga ndani kichwa kwa matako, na mimi nikafinya waya huku na huku. Akaambia Bauma: "Hizi ziko na nguvu ya kusikia. Ya kusema haziko nayo."

Sauti ya Kirotshe ikakuja, nyembamba: Bibi ya Bauma wa Omate alipasuliwa. Mutoto ni binti. Wote wawili wanapumua muzuri.

Bauma akakamata kisemeo. Akaomba mutoto apewe jina ya mama yake, akasalimia munganga, akaambia bibi alale vizuri. Mama Sifa akaniangalia, nisimwambie kwamba huko hawamusikie. Nikaendelea kufinya waya mpaka akamaliza.

Kesho yake asubuhi Bauma akashika njia ya Kirotshe kwa miguu. Alipotuaga, alisema: "Mama, nilijua ile haibebi sauti yangu. Lakini kinywa ilikuwa imejaa maneno."

Unisalimie mama, na shangazi aliyetulea, na dada yetu mudogo mwenye kunicheka maandiko. Katekista aliyenifukuza darasa umwambie leo ninafundisha watu wakubwa, kuanzia na wewe.

Ni mimi mudogo wako mwenye akili kukupita,
Safari