Turubai la Mama Jangwani

Jumanne, 12 Agosti. Cheektowaga

Zamu ya asubuhi. Mkanda wa kupitishia maboksi ukakwama tena, tukakaa tukila karanga mpaka fundi alipokuja. Meneja amenipa likizo. Nilikuwa naomba Mungu anikatalie, ili nimwambie Désiré kazi imenizuia. Amekubali huku anatabasamu. Sasa sina pa kujifichia.

Désiré ni mdogo wangu, anasomea usanifu majengo Columbus. Kuna tamasha la sanaa huko Nevada, jangwani. Watu wanajenga mji wa mahema kwenye vumbi, wanakaa humo wiki nzima bila bomba wala duka. Wanajenga vitu vya ajabu vya mbao, kisha wanavitia moto na kushangilia. Désiré amekubaliwa kujenga nyumba yetu ya kambi ya wakimbizi. Ile ya Kigoma, kwa kipimo chake. Anataka turubai la Mama liwe paa. Na anataka mimi niwepo.

Mke wangu, Jacqueline, aliacha kumenya ndizi akanitazama. "Tulipanda ndege kukimbia hema. Leo wewe unalifuata kwa miguu yako?" Binti yetu akasema kwa Kiingereza kwamba mimi ni baba wa kisasa. Sijui nani ameniumiza zaidi.

Sitaki kwenda. Natamani kwenda. Yote mawili ni kweli na yananichosha.

Alhamisi, 14 Agosti

Désiré amepiga simu. Mama amesema turubai hatampa yeye. Atanipa mimi, mkononi, kwa sababu mimi ni mkubwa. Basi nikikataa, mradi wa mdogo wangu umekufa. Nikikubali, turubai liko kichwani mwangu. Mkubwa jaa, walisema wazee. Kila takataka juu yake.

Niandike ni kitu gani, labda nitatulia. Turubai la plastiki, la kambi, tuliloliita shitingi. Lilikuwa paa letu miaka yote ile. Baba alipokufa hatukuwa na sanda. Mama akalikata katikati. Nusu moja Baba alizikwa nayo. Nusu nyingine ilirudi juu ya paa, na tulipoletwa Amerika Mama aliibeba ndani ya ndege, mapajani. Kila mwaka siku ya kumbukumbu ya Baba tunaitandika sebuleni kwake Louisville, tunakaa juu yake sote, tunasali, tunakula. Kaburi liko mbali, na hatujui kama bado linaonekana. Tulicho nacho ni hicho.

Jumamosi, 16 Agosti. Columbus

Nimeendesha tangu alfajiri. Désiré anapanga chumba karibu na chuo, na nyuma ya nyumba ndipo ameweka vipande vya nyumba yetu, miti na fito, kila kimoja kina namba. Rafiki zake wanamsaidia. Wanafunzi, nusu yao pekupeku. Wana adabu sana. Waliniuliza mambo ya kambi kama watu wanaomuuliza mtu habari za harusi yake.

Mlango alikuwa ameuweka upande wa upepo. Nikamwambia, huko vumbi lingetuua. Akatoa misumari bila kubisha. Nikajikuta nimeshika nyundo. Tulifanya kazi mpaka jua likashuka na nilikuwa na furaha, naandika kama ilivyo. Nilikuwa na furaha kujenga kitu nilichokichukia.

Nilimuuliza kwa nini asijenge kitu kingine. Alisema, "Kaka, wewe unakumbuka. Mimi naambiwa tu." Alitoka kambini akiwa mdogo, bado anabebwa mgongoni. Nikamshikia mti mwingine apigilie.

Jumapili, 17 Agosti. Louisville

Ibada ndefu. Baadaye Mama akapanda kiti, akalishusha turubai kutoka juu ya kabati. Limekunjwa ndani ya begi la shule la zamani, na kanga juu yake. Aliomba akiwa amelishika. Kisha akaniwekea mikononi, akanikazia macho. "Kabla ya siku ya baba yako liwe hapa." Basi.

Aliuliza kama huko jangwani kuna mahali pa kusali. Désiré akamwambia kuna hekalu kubwa la mbao. Mama akafurahi. Hakumwambia kwamba nalo huchomwa, wala mimi sikumwambia.

Désiré ameniapia mara kumi kwamba turubai halitachomwa pamoja na nyumba. Plastiki hairuhusiwi kuchomwa kule. Mbao peke yake. Namwamini. Usiku simwamini.

Jumatano, 20 Agosti

Barabara. Mahindi. Mahindi. Désiré anaendesha, mimi nimepakata begi. Anacheka. Acheke.

Jumamosi, 23 Agosti. Jangwani

Vumbi la hapa ni jeupe, laini kama unga wa muhogo. La kwetu lilikuwa jekundu. Nje ya hapo ni yale yale. Mahema mpaka mwisho wa macho. Mistari ya vyoo. Madumu ya maji. Usiku wa kwanza nilisikia turubai la jirani likipigwa na upepo, nikaketi kitako. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Langoni walituelezea sheria. Hakuna kuuza wala kununua, isipokuwa barafu. Kila kitu ni zawadi. Na kisiachwe kitu chini, hata ganda la karanga. Kila anayeona kitu chini anakiokota. Nikasema moyoni, hawa ni wasafi kuliko kwaya yetu.

Paa litawekwa Jumatano, upepo ukipungua. Mpaka siku hiyo begi liko mgongoni kwangu. Nikilala ni mto.

Jumatatu, 25 Agosti

Nina hasira. Wanacheza ukimbizi. Kuna mzungu mtu mzima amevaa gunia. Wanasifiana jinsi walivyopangilia maji. Wiki ijayo kila mmoja ana nyumba ya kurudi, na bafu.

Halafu mama mmoja mwenye mvi amekuja na baiskeli, akanipa chungwa baridi, akaondoka. Hakuniuliza natoka wapi. Hakuniambia nina bahati kuwa Amerika. Chungwa tu. Nilisimama na chungwa langu na macho yakanilowa. Jioni nilicheza ngoma na watu nisiowajua na nilicheka mpaka mbavu zikauma. Jacqueline asijue.

Siwaelewi hawa watu. Sijielewi na mimi.

Jumatano, 27 Agosti

Limepotea.

Jumatano, baadaye

Niandike kwa utaratibu. Asubuhi Désiré alinituma barafu, mchana tuweke paa. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali. Tumbo likanikata ghafla, likawa halina subira. Kuingia na begi kwenye kile choo, hapana. Sakafu ilikuwa imelowa, na ndani ya begi ni nusu ya pili ya kitu alichozikwa nacho Baba. Singeweza.

Kambini Kigoma foleni ya maji haikuwa ya watu, ilikuwa ya madumu. Unaweka dumu lako, na kama huna unaweka jiwe au kandambili, unaenda kutafuta kuni. Foleni ikisogea, wa nyuma yako anakusogezea. Hakuna anayegusa kwa nia nyingine. Kuruka dumu la mtu ni kumruka mwenyewe, na watu walitoana meno kwa hilo. Nimekua hivyo. Sikufikiri leo. Mikono yenyewe iliweka begi chini, nikamwinamishia kichwa mwanamume aliyekuwa nyuma yangu, kavaa manyoya ya kuku. Naye akaniinamishia kichwa. Nikajua tumeelewana.

Niliporudi foleni ilikuwa imekwenda. Manyoya hayapo. Begi halipo. Niliwauliza watu. Mmoja alisema aliona mtu akiliokota, akauliza ni la nani, pakawa kimya, akaenda nalo. Alilisema kwa furaha. Kwao huyo mtu alifanya vema.

Niliona aibu, nikaona na hasira, kisha nikakaa chini palepale.

Alhamisi, 28 Agosti

Kuna hema la vitu vilivyookotwa. Msichana amejipaka rangi ya buluu mwili mzima. Akaniambia nieleze kitu chenyewe. Nikasema, plastiki. Nyeupe iliyofubaa. Chafu, ina matundu pembeni, upande mmoja umekatwa kwa kisu. Nikasikia mwenyewe ninachosema. Hayo ni maelezo ya takataka. Nikamweleza na habari za Baba. Akanikumbatia akalia. Nilitaka turubai, si machozi.

Nimezunguka mji wote kwa baiskeli ya kuazima. Kila hema lina turubai. Kila turubai ni jeupe kwa vumbi. Nimechungulia chini ya mahema ya watu mpaka nikafukuzwa mara moja, kwa upole. Wamenipa maji, wamenipa kofia, wamenipa mkate. Watu wanaonipa kila kitu isipokuwa changu.

Ijumaa, 29 Agosti

Bado. Midomo imepasuka. Désiré amezunguka upande wa pili. Bado.

Huenda mtu amelala chini yake sasa hivi kwa sababu ya jua. Huenda liko kwenye mfuko wa taka, safari imeanza. Nimejaribu kuomba nikashindwa kuchagua maneno.

Jumamosi, 30 Agosti

Nyumba ilisimama bila paa. Watu waliingia, wakalala chali sakafuni, wakatazama mbingu, wakatoka. Walimpenda sana Désiré. Jana jioni aliniambia, polepole, kwamba labda ni bora hivi, bila paa. Nilitaka kumzaba kofi. Kisha nikaona machozi yake yanachora mistari kwenye vumbi. Mkono ukashuka wenyewe.

Wameichoma alfajiri. Kambini tuliogopa moto kuliko njaa, nyumba moja ikishika, safu nzima imekwisha. Hapa wakashangilia. Mlango ule nilioupigilia mimi ndio ulioanguka mwisho. Nilimshika mdogo wangu bega. Sikuwa na la kumfanyia zaidi ya hilo.

Nitamwambia nini Mama?

Jumanne, 2 Septemba

Barabara. Désiré amesema tumwambie limeungua kwa bahati mbaya. Nilifikiri hilo tangu mpaka wa jimbo hadi mahali tulipokula. Linavutia. Moto hauna wa kulaumiwa. Nikasema hapana. Kisha nikajuta. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini angalau mtu anaweza kusema ni nani aliyeyamwaga.

Désiré ameomba ashuke Columbus. Darasa, anasema. Nimemshusha. Mkubwa jaa.

Alhamisi, 4 Septemba. Louisville

Nimefika mchana. Juu ya kabati Mama amepangusa vumbi, ametandika kanga nyingine, safi, mahali patupu panasubiri. Alitazama mikono yangu, kisha mgongo wangu. Akaingia jikoni. Akarudi na ugali na maharage, akakaa mbele yangu.

Nilimweleza yote. Foleni, tumbo, choo, begi chini. Sikumficha kitu. Sikulia, nilikuwa mkavu kama lile jangwa. Aliposikia kwamba niliweka begi kwenye foleni aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia jambo la kawaida. Aliposikia kwamba waliliokota, alifumba macho. Jokofu linanguruma. Watoto wa jirani wanapiga mpira ukutani.

Nilisubiri anilaani, au anisamehe. Lolote lingenifaa.

Alifumbua macho akauliza, "Hiyo barafu, uliipata?"

Nikamwambia hapana. Nafasi yangu nayo ilikuwa imechukuliwa.

Alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Walikuruka." Akasogeza sahani karibu yangu, akamimina maji kwenye mikono yangu juu ya beseni, nikanawa, nikala.