Ameanza Uji

Nyuma ya Soko,
Mbalizi, Mbeya.
23 Julai 2025

Mama yangu mpendwa Bi Mwanahija,

Assalaam alaykum. Shikamoo mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tanga, na kwamba lile goti la kushoto limekuonea huruma kidogo tangu tulipozungumza. Sisi huku hatujambo, ila baridi. Mwezi wa saba Mbeya haina adabu, maji ya kutawadha asubuhi yanauma mpaka kwenye mifupa. Mume wangu Muharami anakuamkia. Mjukuu wako Nasrin ni mzima, na ana mashavu ambayo majirani wanayabana bila kuomba ruhusa.

Utashangaa kwa nini nakuandikia wakati tunazungumza kwenye simu kila Ijumaa. Kwenye simu nadanganya, mama. Kwenye karatasi nimeshindwa.

Kwanza habari za mtoto. Baridi uliyoihofia haijamdhuru. Namvisha soksi mbili mbili, sweta na kofia, mpaka anakuwa mviringo kama kitumbua. Simwogeshi kabla jua halijapanda. Akishaoga namkanda kwa mafuta ya nazi uliyotuma, ingawa huku yanaganda chupani na lazima niyaweke karibu na jiko kwanza. Chanjo amepata zote. Kwikwi ikimshika, nachomoa uzi wa kanga, naulowesha mate, nambandika kwenye paji la uso. Muharami hunicheka, lakini kwikwi inakatika.

Kaka yangu Farhan huja kumwona Nasrin, mwanawe, kila mwisho wa mwezi, akifunga duka lake kule Igowole. Miezi ya mwanzo alikuwa hamtazami usoni, maana ni marehemu mkewe Amna mtupu, nyusi zile zile. Mwezi uliopita alimpakata mpaka mtoto akalala. Mimi nilikuwa jikoni, nikamsikia mkweo analia. Sikutoka.

Nami nina langu ambalo sijawahi kukwambia. Ulipokuja msibani kwa Amna uliniona nimejifunga kanga kifuani kwa nguvu, hukuuliza. Rayyan wangu alikuwa amefariki siku kumi na moja kabla, akiwa na siku nne tu duniani. Maziwa hayakujua kwamba hayupo, yakawa yanakuja tu, ndipo shangazi akanifunga ile kanga ili yakauke. Kisha Amna akajifungua, damu ikamwisha, na kabla wanaume hawajarudi kutoka makaburini mwanawe alikuwa analia kwa njaa. Nikaifungua kanga. Aliposhika titi nililia misiba miwili kwa mara moja.

Siku ya hitima ulisema Amna alikuwa binti yako wa pekee na hukubakiwa na kitu ila huyu. Nikaahidi mbele ya wazee kwamba nitamnyonyesha mpaka aanze uji, kisha ni wako. Mdomo uliponza kichwa. Nilidhani miezi sita ni mingi.

Kuna jambo jingine la kulijua. Mwezi wa nne malaria ilinilaza siku tano. Jirani yangu Sabina, Mnyakyusa mwimba kwaya, akamchukua Nasrin akamnyonyesha pamoja na mwanawe Ezron. Watu wakanong'ona, naye akawatolea uvivu: "Hebu mtupishe huko! Mtoto analia, nyie mnauliza maziwa yana dini gani?" Kwa hiyo liweke akilini, mama. Ezron ni ndugu yake wa kunyonya, na Muharami ni baba yake wa kunyonya. Najua Ezron ni Mkristo na ana meno mawili tu, lakini dunia inazunguka. Siku za posa zikifika nami nikiwa sipo, msije mkasema hamkuambiwa.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Nasrin alitimiza miezi sita tarehe nne mwezi huu, na siku hiyo hiyo nesi wa kliniki akaniambia nianze kumpa uji. Jioni ukapiga simu, ukauliza kama kawaida yako, "Siwema mwanangu, ameanza uji?" Nikasema bado. Ijumaa ya pili nikasema bado. Ya tatu nikasema nesi ameshauri tusubiri. Nesi wa watu hakusema hivyo, nimemzulia.

Na mtoto mwenyewe alikuwa akinyoosha mkono kwenye sahani ya Muharami, anatafuna hewa, nami namgeuzia ukutani asione chakula. Juzi nilimpeleka kupimwa, uzito umesimama pale pale. Nesi akaniuliza anakula nini. Nilitazama chini kama mwizi. Nilimnyima mtoto ili abaki wangu, mama, na Amna ananiona. Naomba unisamehe.

Jana asubuhi nikapika uji wa ulezi, mwepesi, nikauchuja. Nilimpakata huku moyoni naomba autapike. Kijiko cha kwanza akakunja uso. Cha pili akakishika kwa mikono miwili. Alikula vijiko saba, kisha akacheka, na uji umemjaa kidevuni.

Basi ameanza uji. Njoo umchukue, mama, njoo kabla sijapata uongo mwingine.

Huwa halali mpaka ashike sikio la mtu, kwa hiyo umpe lako. Akilia jioni bila sababu, mlaze kifudifudi mapajani umsugue mgongo, ni tumbo hilo. Na soksi umvue taratibu. Huko kwenu kuna joto, na yeye hajawahi kushinda siku nzima anaviona vidole vyake vya miguu. Akikua, mwambie ana mama Mbalizi.

Nisalimie mjomba Shekue na mkewe Zaituni. Farhan anakuamkia, na Sabina pia, ingawa tangu jana haachi kulia akija hapa, nami ndiye ninayembembeleza. Mungu akupe nguvu za kulea mara ya pili, alitulize goti lako, na amrehemu Amna. Mimi naamini huko aliko anamlea Rayyan wangu, kama nilivyomlea wa kwake.

Ile kanga ya kifuani nimeifua leo. Iko kambani, inakauka.

Wako akupendaye, aliyekudanganya Ijumaa tatu,
Siwema