Kolumba Alitia Sahihi Kabla Hujajibu

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje, na mvua zinakwendaje huko kijijini Ruanda, Mbinga? Sisi hapa Mpanda tupo, ingawa wiki hii nimeshinda hospitali. Nimeandika kwa sababu simu yako huipokea kwa sauti kubwa, na jambo hili si la nyumba nzima.

Mkwe wako Kolumba ametolewa kizazi. Najua ulisema asikubali, mtoto mmoja si ukoo, nami nikamwambia asubiri nikubembeleze ujibu upya. Lakini alikuwa akitokwa damu siku kumi na zaidi kila mwezi, akienda chooni anashika ukuta. Daktari alisema kizazi kimejaa uvimbe na dawa zimeshindwa.

Mimi, mwalimu mzima, niliuliza swali moja tu: hatazaa tena? Kolumba aliuliza yote. Akaelezwa wazi kwamba anaweza kupoteza damu nyingi, kibofu kinaweza kujeruhiwa, kidonda kinaweza kutunga usaha, damu inaweza kuganda mguuni. Mifuko ya mayai wangeiacha, kwa hiyo hatazeeka ghafla kama tulivyokuwa tunasikia. Akaomba kalamu atie sahihi ya kukubali upasuaji. Nikamwambia, "Mama hajajibu."

"Mama hatokwi damu," akasema. "Mimi ndiye ninayetokwa."

Waliniambia saa mbili za upasuaji zingetosha. Ya tatu ikapita, nesi akatoka mbio kufuata chupa nyingine ya damu, hata hakunitazama. Niliogopa, Mama. Nilijiona nashuka stendi ya Mbinga na mwanetu Eda tu, bila mama yake.

Ametoka salama. Akipata nguvu tutakuja apumzike kwako, na ninakuomba asishike jembe wala ndoo mpaka daktari aruhusu. Najua mashimo ya ngoro, yale ya kulimia mlimani kwetu, huchimbwa na wanawake, na mkwe akikaa tu watu husema. Waache waseme. Nitachimba mimi, wakitaka kucheka waje shambani.

Msalimie baba mdogo, mwambie tu Kolumba alikuwa mgonjwa. Na shangazi anayeimba kwaya, naye asiulize mengi.

Jambo la mwisho. Alipozinduka, hata maji hajaomba, aliuliza kama umejibu. Nikamwambia ndiyo, umesema, "Pole, mwanangu." Nilidanganya, na tangu hapo anatabasamu kila simu yangu ikilia. Ukimaliza kusoma, mpigie yeye, usinipigie mimi.

Mwanao,
Osmundi