Chembe Nyeupe Zimeshuka Tena, Baba Upendo

Baba Upendo,

Njombe leo imefunikwa. Ukungu umeshuka mpaka kwenye madirisha ya wodi, na mipaina ya ng'ambo ya barabara imebaki vivuli tu. Nakuandikia nikiwa nimekaa kando ya kitanda cha binti yako. Amelala. Kifua chake kinapanda na kushuka harakaharaka chini ya blanketi. Virusi vimemwingia mapafuni, amewekewa oksijeni, na jana daktari alituambia kwamba chembe nyeupe za damu yake zimeshuka.

Habari hiyo wewe unaijua, maana mara ya kwanza tuliisikia pamoja. Unakumbuka tulivyofurahi? Ulikuwa umelazwa kwenye wodi kama hii, mwaka ule wa kikohozi kibaya, Upendo akiwa bado anatambaa. Majibu yalipotoka mama yako aliuliza kama nyeupe ni nyingi au chache. Akaambiwa chache. "Nyeupe zikijaa ndiyo kuna ugonjwa," akasema. "Hizi ni chache. Mungu ashukuriwe." Sote ndivyo tulivyojua, kwamba mwenye maambukizi nyeupe humpanda. Tukashusha pumzi. Nikakumenyea kiazi, ukala nusu, ukanitania kwamba mgonjwa ni mimi kwa jinsi nilivyokonda.

Daktari aliporudi alitueleza taratibu kwamba chembe hizo ndizo walinzi wa mwili, na kwa virusi vya mapafu zikishuka sana huenda ugonjwa ni mzito. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Basi mgambo wangu wamekwenda kunywa ulanzi," ukasema, "watarudi mvua zikiisha." Mvua ziliisha, nasi tulikuwa tumeshakuzika Uwemba, karibu na baba yako.

Nikifumba macho hapa nilipo, sikuoni ukiwa kitandani. Nakuona kwenye lori la mbao, siku ile tuliyotoka Makambako tukakutana na ukungu njiani, mzito hata taa hazikufua dafu. Ulisimamisha gari pembeni, ukazima injini. Tukanywa chai ya chupa. Mbao mbichi zilinukia nyuma yetu, na sweta lako lilinukia vivyo hivyo, hata nikasinzia begani mwako. Nilipoamka mashamba ya chai yalikuwa yanajitokeza kidogokidogo, mstari baada ya mstari, na sikujua tumekaa muda gani. Nikakuuliza tumefika wapi. "Hatujafika popote," ukasema. "Tulia tu." Sijawahi kutulia namna ile tena.

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike. Leo asubuhi Upendo alifumbua macho akasema, "Mama, baba alikuja."

Mtoto huyu anakujua kwa picha tu, ile ya harusi, umevaa suti ya kuazima. Nikamuuliza ulikuwa umevaaje.

"Sweta. Linanukia mbao. Ananiita twende."

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu. Nilikuwa natafuta viatu."

Unajua wazee wanavyosema: marehemu akikuita ndotoni, usiitike, wala usimfuate. Mama yako alikuwepo. Alikuja jana kutoka Uwemba, akasalimia wodi nzima kwa kamwene zake, lakini aliposikia nyeupe za mjukuu wake zimeshuka hakumshukuru Mungu safari hii. Alikaa kwenye benchi akashika rozari. Leo baada ya ile ndoto alinivuta pembeni. "Mwambie mumeo aache," akasema. "Mimi hakuwahi kunisikia tangu mdogo. Alikuwa anakusikia wewe."

Daktari wa sasa ni dada mdogo mdogo, mpole. Ananiambia, "Mama, usiishike hiyo hesabu peke yake. Wengi wenye virusi nyeupe zinashuka na wanapona. Sisi tunaangalia pumzi, tunaangalia anavyokula." Namwelewa, na ninamwamini. Lakini yeye hakusikia habari za viatu.

Baba Upendo, sikukatazi kumpenda. Najua hukumwona akisimama wala akienda shule, na huko uliko labda unamtamani kama mimi ninavyokutamani wewe. Lakini mwache. Yuko darasa la tatu, ana jino linalotikisika, ana ubishi wako wote. Ukimwona anakuja kwenye ukungu, mgeuze. Kuwa mkali, hata kama hukujua kuwa mkali na mtu. Mwambie mama anamwita. Nikibaki bila yeye, sitakuwa na sababu ya kuamka.

*

Nilisinzia nikiwa na kalamu mkononi. Sasa ni asubuhi ya pili.

Wamempima tena. Nyeupe zimeanza kupanda, kidogo, lakini zinapanda. Pumzi imetulia na oksijeni wameipunguza. Ameomba uji, kisha akalalamika kwamba hauna sukari, na mama yako akapiga kigelegele cha chinichini kwa heshima ya wagonjwa wengine. Daktari anasema akiendelea hivi tutarudi nyumbani.

Nilipokuwa namfuta mdomo nikamuuliza kama ulikuja tena.

"Hapana," akasema. "Leo hakuja."

Nilifurahi, mume wangu. Nilifurahi kwelikweli. Halafu nikatoka nje kwenye baridi nikalia, kwa sababu miaka yote hii nimelala nikikungoja na hukuwahi kunijia hata mara moja, na siku uliyofika karibu, mimi ndiye niliyekufukuza.

Asante kwa kunisikia.

Mkeo,
Mama Upendo