Uliniposa Kwenye Spika

Mpendwa Baba Atupele,

Nakuandikia waziwazi, wasome na wengine, maana hata posa yako uliitangaza mbele za watu. Mtoto anabatizwa Jumapili, na mchungaji ameniuliza nani atasimama nami.

Unalikumbuka banda la video la Lyulilo? Siku za soko, mimi na mama tukishauza vyungu, nilikimbilia benchi la mbele kukusikiliza. Ulipenda kuweka ile komedi ya Wajerumani, ya zamani kabisa, isiyo na rangi. "Hii ni ya enzi zile sinema ndiyo kwanza zinajifunza kusema," ulituambia. Unapunguza sauti yao yenye mikwaruzo, unashika maiki, unatutilia Kiswahili. Mhudumu wa hoteli kaazima koti la bosi wake, anajifanya tajiri, anamfuata dada muuza kofia. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Siku ile mhudumu akapiga magoti, wewe ukasema, "Tusekile, binti mfinyanzi, nakuoa. Mashahidi ni hawa wote!" Banda zima vigelegele. Nikajifunika uso kwa kanga.

"Gwe Tusekile, posa yako imepita kwenye spika!" walinitania akina mama wa samaki.

Mama peke yake hakucheka. "Posa gani haina mshenga?"

Nikamwona mama wa kizamani.

Atupele akazaliwa. Ukaniaga unakwenda Kyela mjini, kwenye banda kubwa la Bondeni, kwamba utatuita. Ukanyamaza. Mtoto alipoanza kukaa, nikambeba mgongoni nikakufuata. Nilipofika mlangoni nilisikia sauti yako kabla sijakuona. Komedi ni ileile. Mhudumu akapiga magoti.

"Rehema wa genge la nyanya, nakuoa. Mashahidi ni hawa wote!"

Dada mmoja benchi la mbele akajifunika uso kwa kanga. Atupele naye, kwa kusikia watu wanacheka, akawa anacheka mgongoni kwangu. Nikageuka. Sikukuita. Yule dada sikumchukia, nilimwonea huruma tu, kama unavyojionea huruma mwenyewe.

Sasa nafua mashuka kwenye nyumba ya wageni Matema. Alikuja bibi mmoja wa Kijerumani, Kiswahili anakijua. Nikamsimulia ile sinema, kumbe anaijua tangu utoto. Nikamuuliza, yule mhudumu pale magotini anasema nini hasa?

Akacheka. "Anatafuta kifungo, mwanangu. Kimedondoka kwenye koti, anamwogopa bosi wake."

Nikacheka naye. Kisha nikaenda nyuma ya mashuka niliyoanika, nikalia. Maneno matamu uliyonipa yalikuwa ya kifungo, Baba Atupele, na hata hayo ukampa mwingine.

Salamu zako kwamba unataka kurudi zimenifikia. Sikufichi, moyo uliruka. Halafu nikamtazama huyu binti, amejaza mchanga wa ziwa mdomoni na anacheka, nikajua siwezi tena kukuamini kwa kukusikia tu, mpaka nikuone umesimama nasi.

Jumapili mchungaji atauliza mbele ya kanisa: nani anamleta mtoto huyu? Nimejizoeza kujibu, "Mimi, mama yake." Lakini nitanyamaza kidogo kwanza. Kama umo ndani ya kanisa, jibu wewe.

Ubaki na amani huko uliko.

Mimi,
Mama Atupele