Dada wa Nahodha

Odile, nina hasira!!

Niko kwenye kile kibanda cha joto tunapoteleza barafuni, nambadilisha mwanangu nepi. Mama mmoja kaja mbio: "Pole baba, mkeo kakutwisha mzigo leo? Lete nikusaidie."

MZIGO! Mwanangu mwenyewe! Kaninyang'anya, kamvika nepi mbele nyuma!

Halafu naiona simu yake. Anasoma HADITHI YANGU! Ile ninayoiweka mtandaoni bila jina langu, ya nahodha wa ile tamthilia tunayoitazama, niliyempa kichanga amlee peke yake. Unayejua naiandika ni wewe tu.

"Tamu?" nikamuuliza.

"Nalia kila sura. Baba wa hivi hayupo duniani."

Nikaigeuza nepi.

Sasa hivi kaacha maoni chini ya hadithi: "Dada, leo nimekutana na baba asiyejua hata nepi. Asante kwa kutubunia nahodha."

DADA, Odile!