Kondoo wa Pwani Huku Juu

Wallatani, mlimani
14 Januari 1994

Mpendwa Dada Rosaura,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi. Hujambo na watoto? Mpunga wa huko pwani Camaná umestawi? Mimi sijambo, ila nikipanda kilima kidogo tu nahema kama bibi kizee. Mume wangu Eleuterio anakusalimu.

Dada, Panchita amezaa, na ndiyo maana nakuandikia. Ni yule kondoo mliyenipa siku ya harusi. Mimi na yeye tulishika mimba mwezi mmoja.

Kondoo wa wenyeji walinenepa matumbo. Panchita tumbo lilibaki dogo, anahema mdomo wazi. Niliomba ashushwe bondeni, mama mkwe akanikatalia katakata. "We binti wa pwani, mwenye mimba hatoki zizini kabla ya sikukuu ya Kanivali, mpaka mifugo ivishwe utepe wa baraka masikioni. Akitoka, anaondoka na baraka ya kundi zima!" Basi tukangoja.

Jumanne mwanakondoo alitoka mdogo kama paka, hana pumzi. Daktari wa mifugo alilikagua kondo la nyuma, akatikisa kichwa.

"Damu haikufika ya kutosha kwenye mji wa mimba," alisema. "Na hata iliyofika ilibeba hewa kidogo. Hawa wa huku wamezaliwa na mishipa ya huku. Huyu mmemleta kutoka pwani, mlitegemea nini?"

Nilijishika tumbo. Dada, hata mimi nimeletwa kutoka pwani!

Nilimwomba mama mkwe nije kujifungulia kwako. Akacheka. "He! Nawe umekuwa kondoo?" Kisha kicheko kikamwisha, akaniambia hata mimi ningoje utepe kwanza. Mkunga naye kanipapasa, akasema tumbo halilingani na miezi. Mtoto anacheza kidogo halafu kimya, nami naogopa, dada, naogopa sana.

Singoji. Barua hii naituma na mwalimu anayeshuka leo. Mimi nitapanda lori la viazi siku ya Alhamisi. Eleuterio anajua, amenipa blanketi lake. Mama yake hajaambiwa. Tafadhali nipokee sokoni, usichelewe.

Na kama ni kweli naondoka na baraka ya kundi lao, Mungu anisamehe, naihitaji kuliko kondoo.

Nisalimie Baba, Shangazi Domitila, na wanao wote. Bikira awafunike, nasi wawili atufikishe.

Mdogo wako akupendaye,
Nélida